Gary Kildall, Mwalimu Aliyeipa Diski Rejista

Fungua laptopu yoyote yenye Windows hapa chuoni, nenda kwenye orodha ya diski. Utaikuta C. Humo ndimo unamokaa mfumo wenyewe, pamoja na madesa, filamu, na picha za mahafali ya dada zako. Sasa jiulize: mbona inaanzia C? A na B zimekwenda wapi? Nimewauliza hivyo wenzangu wengi wa Elimu, na hata jamaa wawili wanaosoma Kompyuta. Jibu nililopewa mara nyingi ni kwamba ndivyo ilivyo tu.

Hapana, kuna sababu. A na B zilikuwa herufi za flopi. Kompyuta ndogo za zamani zilikuwa na mlango mmoja au miwili ya kuingizia flopi, na nyingi hazikuwa na diski kuu ndani. Diski kuu ilipokuja baadaye ikapewa herufi iliyofuata. Desturi hii ya kuziita diski kwa herufi ilitufikia kupitia mfumo endeshi ulioitwa CP/M, na aliyeuandika alikuwa mwalimu. Wakati anauandika hakuwa tajiri mwenye kampuni, wala hakuwa kijana aliyeacha chuo, kama tunavyopenda kusimuliana pale kwenye vimbweta. Alikuwa mwalimu wa darasani, mwenye vipindi na mitihani ya kusahihisha. Jina lake ni Gary Kildall.

Namwandika kwa sababu mbili. Kwanza, kila muhula naona laptopu za wenzetu zinajaa mpaka zinakataa kupokea toleo jipya la mfumo, halafu mwenye nayo anakimbilia kwa fundi kupiga Windows, anafutiwa kila kitu. Kazi ya Kildall inaeleza vizuri kuliko desa lolote kwa nini mara nyingi si lazima iwe hivyo. Pili, wengi wanaomfahamu wanamfahamu kwa hadithi moja tu, ya bahati iliyompita. Sisi tunaosomea ualimu tunaijua hadithi ya namna hiyo, maana tunasimuliwa habari zetu wenyewe kwa mtindo huohuo.

Kildall alizaliwa Seattle, Marekani, tarehe 19 Mei 1942. Ukoo wao ulikuwa na chuo kidogo cha kufundishia mabaharia, kilichoanzishwa na babu yake. Humo watu walijifunza kusoma ramani za bahari na kukokotoa mahali chombo kilipo kwa kutumia nyota na saa. Gary naye alifundisha pale kabla hajawa mtu wa kompyuta hata kidogo. Alipoingia Chuo Kikuu cha Washington, nia yake ilikuwa kuwa mwalimu wa hisabati. Kompyuta alikutana nayo akiwa hapohapo chuoni, na hakuiacha tena. Mwaka 1963 alimwoa Dorothy McEwen, ambaye walijuana tangu sekondari. Mkumbuke huyo mama, tutarudi kwake.

Enzi hizo vijana wa Marekani walikuwa wanaitwa jeshini kwa ajili ya vita vya Vietnam. Kildall aliingia jeshi la majini, na badala ya kupelekwa vitani akapelekwa kufundisha kompyuta katika chuo cha uzamili cha jeshi hilo kilichopo Monterey, California. Hapo ndipo kazi yake kubwa ilipofanyika. Mwaka 1972 alipata shahada ya uzamivu kutoka chuo chake cha Seattle, akaendelea kufundisha Monterey.

Kompyuta za wakati ule zilijaza chumba. Ulipeleka kazi yako kwa wahusika, ukasubiri zamu. Lakini mwaka 1971 kampuni ya Intel ilikuwa imetoa kichakataji kidogo cha kukaa kwenye ncha ya kidole, kinaitwa 4004. Kiliuzwa kwa ajili ya mashine za hesabu na vifaa vya viwandani, na hata wenye kampuni hawakukichukulia kama kompyuta hasa. Kildall alikinunua kimoja. Shida ni kwamba kichakataji peke yake hakina skrini, hakina kibodi wala pa kuhifadhi kitu. Basi akaandika, ndani ya kompyuta kubwa ya chuo, programu ya kukiigiza, ili aandike kazi zake na kuzijaribu hata kabla hajawa na mashine kamili. Intel wakavutiwa, wakamwajiri kama mshauri wa muda. Akawa anafundisha Monterey na siku nyingine anaendesha gari kwenda kwao. Mwaka 1973 akawatengenezea lugha ya kuandikia programu iitwayo PL/M, na vifaa alivyopata kwao akavipeleka darasani, wanafunzi wake wavishike kwa mikono.

Kilichobaki kumsumbua ni pa kuhifadhi. Kazi zilitunzwa kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Ni taratibu, unachanika, na ukitaka kurekebisha mstari mmoja unatoboa upya. Wakati huohuo kulikuwa na kifaa kipya, flopi ya inchi 8, ambacho kilikuwa rahisi kuliko diski za kompyuta kubwa. Kildall alipata mashine ya kusomea flopi kutoka kampuni ya Shugart, ikakaa tu, maana hakuwa na saketi ya kuiunganisha na kichakataji chake. Rafiki yake John Torode, waliyesoma naye, ndiye aliyeitengeneza ile saketi. Mwaka 1974, katika banda la vifaa nyuma ya nyumba ya Kildall huko Pacific Grove, mji uliopakana na Monterey, mfumo uliiendesha flopi kwa mara ya kwanza. Huo ndio CP/M.

Tutulie hapa kidogo, maana ndipo penye somo la diski.

Flopi ile ni sahani ya plastiki yenye sumaku. Imegawanywa miviringo 77, kila mviringo una vipande 26, na kila kipande kinabeba baiti 128. Zidisha mwenyewe: unapata baiti 256,256. Picha moja tu ya simu yako ya leo ingeshindwa kuingia. Kildall akaitenga miviringo 2 ya mwanzo kwa ajili ya mfumo wenyewe. Hapo panaingia baiti 6,656, basi. Kiini chote na viambatanisho vyake vijibane humo. Miviringo 75 iliyobaki ndiyo ya mtumiaji. Nayo akaigawa katika mafungu ya baiti 1,024, yakawa mafungu 243. Mafungu 2 ya kwanza akayafanya rejista: majina ya mafaili, na mbele ya kila jina orodha ya mafungu yaliyobeba faili hilo. Kwa hiyo kwenye flopi nzima, nafasi halisi ya kazi zako ilikuwa kilobaiti 241.

Mwalimu yeyote anaijua rejista. Jina la mtoto limo, dawati lake linajulikana, jina likikatwa dawati linahesabiwa liko wazi. Ndivyo hasa mfumo ule ulivyofanya kazi. Ukifuta faili, CP/M haikuhangaika kupangusa yaliyoandikwa. Ilikwenda kwenye rejista, ikaweka alama mbele ya jina, namba 229, na kuanzia hapo mafungu yale yakahesabiwa kuwa wazi. Mtoto bado kakaa darasani, ila haitwi tena, mpaka aje mwingine amkalie dawati lake. Na namba hiyo haikutoka hewani. Flopi tupu zilizoandaliwa kwa mtindo wa IBM zilikuja zimejazwa namba hiyohiyo kila mahali, kwa hiyo flopi mpya ikisomwa inaonekana kama rejista ambayo majina yote yamefutwa.

Sasa sikiliza hili. Flashi nyingi tunazobeba zimepangwa kwa mtindo uitwao FAT, wa familia ya DOS, na mtindo huo nao unaweka namba hiyohiyo 229 mahali pa herufi ya kwanza ya jina la faili lililofutwa. Ndiyo sababu ukifuta ripoti ya mazoezi ya kufundisha kwenye flashi kwa bahati mbaya, inaweza kurudishwa, ila kwa sharti moja: usiandike kitu kingine humo. Ukiongeza nyimbo mbili tatu, dawati limeshakaliwa.

Kuna jingine. Fungu ndilo kipimo kidogo kabisa, hakuna kugawana. Faili lenye baiti 1 lilikula baiti 1,024 zote. Na rejista ilikuwa na nafasi 64 tu, hivyo ungeweza kuambiwa hakuna nafasi wakati sahani bado ina uwazi, kwa vile tu mistari ya majina imekwisha. Watu walijifunza kuuliza kabla ya kuandika. Kulikuwa na amri ya STAT, unaiandika, inakujibu zimebaki kilobaiti ngapi. Na ukichomoa flopi ukaweka nyingine bila kuuarifu mfumo, wenyewe uliikagua rejista, ukaona majina hayalingani na uliyoyajua, ukakataa kuandika chochote mpaka uuanzishe upya. Ulikuwa usumbufu, lakini uliokoa kazi za watu wengi.

Haba na haba hujaza kibaba, na diski hivyohivyo. Laptopu iliyojaa ni nadra iwe imejazwa na kitu kimoja. Utakuta filamu zilizoangaliwa tangu mwaka wa kwanza, desa lilelile limenakiliwa mara nne kwa majina tofauti, na vifurushi vya programu zilizokwisha kuwekwa. Watu wa CP/M hawakuwa werevu kutuzidi. Walikuwa na kilobaiti 241, wakalazimika kuhesabu.

Turudi kwa kiini, maana hiki ndicho ninachokiona kikubwa kuliko vyote alivyofanya.

Mwanzoni CP/M ilijua mashine moja kwa undani. Ikija mashine nyingine yenye saketi tofauti ya diski, Kildall alilazimika kuingia ndani ya mfumo na kuandika upya sehemu zinazoigusa ile saketi. Mteja wa pili sawa, wa tatu sawa. Lakini mnamo 1976 na 1977 kampuni ziliota kama uyoga, kila moja na saketi yake. Ilipokuja kampuni ya IMSAI, iliyokuwa inauza kompyuta zenye flopi na inahitaji mfumo wa kuziendesha, Kildall akaamua kuumega mfumo. Kila kinachogusa mashine moja kwa moja, yaani kusoma kipande cha diski, kuandika kipande, kupokea herufi kutoka kwenye kibodi, kutoa herufi kwenye skrini, akakikusanya mahali pamoja na kukiita BIOS. Juu yake kikakaa kiini kinachojua mafaili na rejista, nacho hakikujali mashine ni ya nani. Juu ya kiini ikakaa sehemu ya kupokea amri za mtumiaji.

Matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko unavyoweza kudhani. Mwenye kiwanda aliandika BIOS yake, kurasa chache tu, akachukua kiini kilekile bila kukigusa. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya kiini hicho, iwe ya kuandikia barua au ya hesabu za duka, ikatembea kwenye mashine za kampuni mbalimbali. Kabla ya hapo kila mashine ilikuwa kisiwa.

Na kupandisha toleo kukawa jambo la kawaida. Ukipata toleo jipya la CP/M, ulitumia programu ya SYSGEN, ambayo iliandika mfumo mpya kwenye ile miviringo 2 ya mwanzo. Mafaili yako kwenye miviringo 75 hayakuguswa hata moja. Kinyume chake pia ni kweli: ukinakili mafaili kwenda flopi nyingine, mfumo haukwenda nayo, ulihitaji kuuandika kwa makusudi. Mwaka 1979 toleo la 2 lilipotoka, Kildall akapiga hatua nyingine. Vipimo vya diski, ambavyo zamani vilikuwa vimegandishwa ndani ya kiini, akavihamishia kwenye jedwali ndani ya BIOS. Kiini kikawa kinasoma jedwali kujua diski hii ina miviringo mingapi na mafungu ya ukubwa gani. Kwa njia hiyo mfumo uliozaliwa kwa ajili ya flopi ya kilobaiti 241 ukaweza kuendesha hadi diski 16, kila moja ikifika megabaiti 8.

Sasa tuje hapa kwetu. Muhula uliopita rafiki yangu wa mwaka wa tatu, msichana makini kabisa, laptopu yake ilikataa kupokea toleo jipya. Ujumbe ulisema nafasi haitoshi. Akaipeleka kwa fundi wa mtaani, fundi akamwambia mfumo umekufa, inabidi kupiga Windows. Akapiga. Majibu ya dodoso alizokusanya kwenye shule nne, kwa nauli ya bumu lake mwenyewe, yakaondoka yote. Alirudi kwenye zile shule kuanza upya, wiki mbili kabla ya tarehe ya kukabidhi utafiti.

Mfumo haukuwa umekufa. Diski ilikuwa imejaa, na hayo ni mambo mawili tofauti. Mahali pa mfumo na mahali pa kazi zako panatenganishika tangu 1974. Kwa wanaotumia Linux jambo hili linaonekana wazi zaidi: kiini kinakaa kwenye sehemu iitwayo boot, na kila ukipandisha toleo, kiini kipya kinakaa pembeni ya cha zamani. Sehemu hiyo ikitengwa kuwa ndogo, viini vya zamani vinarundikana mpaka kipya kinakosa pa kukaa. Dawa ni kuondoa vya zamani kwa njia ya mfumo wenyewe, ukibakisha kinachotumika sasa na kimoja cha kabla yake, ili kipya kikigoma uwe na pa kurudi. Kwenye Windows, ukipandisha toleo kubwa, la zamani linahifadhiwa kwenye folda ya Windows.old kwa sababu hiyohiyo, na kwa kawaida linaondolewa lenyewe baada ya siku 10. Kwa hiyo kabla hujampa fundi laptopu, muulize swali moja: unachotaka kugusa ni mfumo au mafaili yangu? Akishindwa kulijibu, chukua laptopu yako. Na hata akijibu vizuri, nakili kazi zako mahali pengine kwanza.

Nimalizie maisha yake. Kildall na Dorothy waliianzisha kampuni kwao Pacific Grove, wakaiita Intergalactic Digital Research, baadaye Digital Research tu. Dorothy ndiye aliyekuwa anaendesha biashara: mikataba, wateja, hesabu. CP/M waliiuza dola 70 kwa mtu mmoja mmoja. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1970, mtu akitaka kompyuta ndogo ya kazi, kuna uwezekano mkubwa angekuta ndani yake mfumo ulioandikwa na mwalimu wa Monterey. Kufikia hapo alikuwa ameshaacha kazi ya chuo, kampuni ilikuwa imemzidi.

Mwaka 1980 wakaja IBM. Walikuwa wanatengeneza kompyuta ndogo kwa siri na wanataka mfumo. Hadithi inayopendwa ni kwamba siku hiyo Kildall alikwenda kustarehe angani na ndege yake, akawaacha wageni wakubwa sebuleni. Ni kweli alirusha ndege, lakini alikwenda kazini, kupeleka bidhaa kwa mteja. Dorothy, ambaye kazi yake ilikuwa mikataba, alipewa karatasi ya kusaini kwamba hatasema neno juu ya mazungumzo hayo, akasita. Mnielewe, mtu yeyote anayesoma kabla ya kusaini angesita. Mazungumzo hayakuzaa mkataba. IBM wakaenda Microsoft, na Microsoft wakanunua mfumo ulioandikwa na Tim Paterson wa Seattle Computer Products, ambao uliiga namna CP/M ilivyokuwa inaitwa na programu, ili programu zilizokuwapo zihamishwe kwa urahisi. Huo ndio ukawa DOS. Kildall alipolalamika, IBM wakakubali kuuza na CP/M pia, lakini bei zilipotoka, DOS ilikuwa dola 40 na CP/M dola 240. Wewe ungechukua ipi?

Hapo ndipo wengi wanapoifunga hadithi: mtu aliyepoteza. Lakini aliishi zaidi ya miaka kumi baada ya hapo, na tazama alivyoitumia. Kuanzia 1983 hadi 1990 alikuwa mtangazaji mwenza wa kipindi cha televisheni cha Computer Chronicles, akiwaeleza watu wa kawaida kompyuta inafanyaje kazi, na wakati mwingine waliokuwa mbele yake ni washindani wake. Alishughulikia lugha ya Logo, ya kuwafundishia watoto kufikiri kwa kuchora. Mwaka 1985 kampuni yake nyingine iliiweka ensaiklopidia ya Grolier, seti nzima ya vitabu, kwenye diski moja ya CD, wakati watu wengi wakidhani CD ni ya muziki tu. Ukiyaangalia yote hayo, ni ualimu. Alitoka darasani, lakini hakuacha kufundisha.

Uchungu alikuwa nao, tusidanganyane. Mwaka 1991 Digital Research iliuzwa kwa Novell. Mwaka 1992 idara ya kompyuta ya chuo chake cha Seattle ilimwalika kwenye sherehe za kumbukumbu ya kuanzishwa kwake, na aliyepewa kutoa hotuba kuu alikuwa Bill Gates, ambaye hakusoma pale wala hakumaliza chuo chake mwenyewe. Kildall, aliyechukua shahada zake palepale, akakaa na wasikilizaji. Baadaye aliandika kumbukumbu za maisha yake, akawapa ndugu na marafiki. Sehemu yake ilikuja kutolewa kwa umma mwaka 2016. Tarehe 8 Julai 1994 aliumia kichwa akiwa kwenye baa mjini Monterey, akafariki siku tatu baadaye. Alikuwa na miaka 52.

Nasema haya nikiwa mwanafunzi wa Elimu. Tangu nimeingia hapa nimesikia kwamba ualimu ni kozi ya waliokosa Sheria na Uhandisi, na hata mjomba mmoja kwetu aliuliza kwenye kikao cha familia kama hakukuwa na nafasi nyingine. Anayepima hivyo anapima kwa fedha na vyeo, na kwa kipimo hicho Kildall naye alishindwa, ingawa alikufa na mali ambayo wengi wetu hatutaiona. Mimi nampima kwa kitu kingine. Mwalimu hodari anatazama somo gumu, anaona wapi panakatika, analigawa vipande ambavyo mwingine anaweza kuvishika bila yeye kuwapo. Kildall aliuona mfumo mzima, akaona mstari kati ya kinachobadilika kila siku na kisicholazimika kubadilika, akakata hapo. Watu ambao hakuwahi kuwafahamu wakaendelea na kazi. Wengi wao hawakumtaja, na wanafunzi wetu wengi nao hawatatutaja.

Mwaka 2014 taasisi ya wahandisi ya IEEE iliweka kibao cha kumbukumbu Pacific Grove, kando ya nyumba iliyokuwa ofisi ya Digital Research, kwenye barabara ya Lighthouse namba 801. Kinaitaja CP/M ya mwaka 1974 kama kazi ya daktari wa falsafa Gary Kildall, na kinaitaja BIOS. Cha IBM hakikutajwa.

Julai hii tunakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Nimepangiwa hisabati kidato cha pili, na mada mojawapo ni vipeo. Nitaanza na miviringo 77, vipande 26 na baiti 128 ubaoni, na nitawaachia wazidishe wenyewe.